Dragon Ball Z: Kakarot: namna ya kupata nguvu bila kupoteza muda porini

Gemu hii ya CyberConnect2, iliyotolewa na Bandai Namco mwaka 2020, inafuata anime (katuni ya Kijapani) ya Dragon Ball Z, ambayo shujaa wake ni Goku, tangu Raditz, kaka yake Goku, anapotua duniani hadi vita dhidi ya adui aitwaye Majin Buu. Wengi wanaoianza hufanya kitu kimoja: wanazunguka angani wakipiga kila adui mdogo ili wapande levo. Msifanye hivyo. Maadui wa porini wanatoa alama chache mno ukilinganisha na hadithi yenyewe. Nguvu yako itatoka kwingine, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Ipe hadithi nafasi ya kwanza. Pambano moja la hadithi linakupandisha kuliko kuzurura kwa muda mrefu. Ukiona adui amekupita levo nyingi, mwache kwanza. Mapigo yako hayatamwingia, na wewe atakumaliza upesi. Utarudi kwake.

Hatua ya 2: Okota mipira ya rangi unaporuka. Ile myekundu, ya bluu na ya kijani iliyotapakaa angani na ardhini ndiyo unayotumia kununua na kuboresha mbinu kwenye mti wa ujuzi (orodha ya mbinu za kila mhusika). Huhitaji safari maalumu. Kila unapokwenda kwenye misheni, pita palipo na msururu wake. Akiba hiyo ni ya kikosi kizima, kwa hiyo usiimalizie yote kwa Goku. Mwenye kuijua anime anajua sababu: Goku anakufa mapema akipambana na Raditz, na kwa kipindi kirefu unabaki na Gohan, mwanawe, na Piccolo, mpiganaji mwenzake. Mimi humpa Piccolo sehemu nzuri mapema, na mapambano ya mwanzo huwa mepesi zaidi.

Okota pia medali za D, aina nyingine ya vitu vya kukusanya. Baadhi ya mbinu hazifunguki kwa mipira peke yake: unalipa medali kwenye uwanja wa mazoezi, unapigana, ndipo unaipata.

Hatua ya 3: Pika. Hapa ndipo wachezaji wengi wanapopapuuza, na hapa ndipo penye utamu wa gemu hii. Chakula kinaongeza nguvu kwa muda, lakini pia kinaacha nyongeza ndogo ya kudumu kwenye uhai, mashambulizi na ulinzi. Nyongeza hizo zinajumlishana. Vua samaki kwa mkia wa bandia, ambao ndio chambo chako, winda kulungu, chuma matunda, kisha upeleke kila kitu nyumbani kwa Goku, Mlima Paozu. Chi-Chi, mkewe Goku, akikuandalia mlo kamili, faida yake ni kubwa kuliko sahani moja unayopika mwenyewe kwenye moto wa kambi. Kula kabla ya kupambana na bosi (adui mkuu) mkubwa, usisubiri kushindwa.

Hatua ya 4: Panga ubao wa jumuiya. Kila mhusika unayemsaidia anakupa nembo yake, unayoiweka kwenye ubao huo ili upate nyongeza. Ziko jumuiya kadhaa: Goku anaongoza ya wapiganaji, Chi-Chi ya mapishi, Bulma, rafiki wa Goku, ya uvumbuzi. Weka pamoja wanaohusiana kwenye hadithi, kwa mfano Goku, Gohan na Chi-Chi, maana wakikaa jirani wanapata alama za ziada. Zawadi unazowapa wahusika ili kupandisha nembo zao, zitumie kwa wachache. Ukizigawa kwa kila mtu, hakuna nembo itakayopanda vya kutosha.

Hatua ya 5: Jifunze kusubiri kwenye pambano. Kwa padi ya PS4, duara ni ngumi, mraba ni risasi za ki (nguvu ya ndani ya mpiganaji), pembetatu ukiishikilia inajaza ki, na X ni kukwepa. Shikilia L1 kupata mbinu kubwa. Bosi akianza kung'aa akijiandaa kurusha shambulizi zito, acha kumpiga, kwa sababu ngumi zako hazitamkatiza. Kwepa, mwache amalize, kisha umwingie. Ki yako ikiisha, ruka mbali ndipo ujaze.

Hatua ya 6: Baadaye, kusanya mipira saba ya joka. Ukiipata yote anatokea Shenron, joka linalotimiza maombi. Unaweza kumwomba fedha, lakini mimi nakushauri ufufue maadui wa zamani. Ukiwashinda tena unapata nembo zao, nazo zinaingia kwenye ubao ule ule wa hatua ya 4. Ukishaomba, itabidi usubiri kidogo kabla ya kukusanya tena. Muda huo nenda kavue samaki.