Somo: Kinywaji cha jioni kwa aliyeacha wiski, kwa viungo vya Unguja na Pemba

Mgeni mmoja wa makamo, aliyekatazwa pombe na daktari wake, aliniuliza katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Mji Mkongwe nina nini cha kumpa badala ya wiski, nami nikamletea juisi ya embe. Aliinywa kwa adabu, akaiacha nusu. Tangu siku ile nimeshika jambo moja: anayeacha wiski hatafuti utamu, anatafuta kinywaji kikavu, chenye uchungu kidogo, kinachochoma koo na kumlazimisha kunywa polepole.

Kwanza tujue tunachokiiga. Kwa sheria, wiski ya Scotland hukaa katika mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3, na haiuzwi ikiwa na kileo chini ya asilimia 40. Mti wa pipa ndio unaoipa ukakasi na harufu ya vanila, pamoja na eujenoli, kiini kile kile kinachoipa karafuu harufu yake. Kwa hiyo tunapotia karafuu hatubahatishi. Kuchoma nako kuna sababu. Mdomoni mna vipokezi vya joto ambavyo kwa kawaida hushtuka kwenye nyuzi joto 42 hivi, lakini kileo huvifanya vishtuke kwenye 34 hivi, na joto la mdomo wenyewe likahisiwa kama moto. Pilipili manga huamsha vipokezi hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: chemsha maji nusu lita, epua, tia vijiko viwili vya majani ya chai, funika kwa dakika 8, kisha chuja. Chai hii haifai kunywewa na mandazi, lakini ukakasi wake unaokaza ulimi ndio unaosimama mahali pa mwaloni.

Hatua ya pili ni viungo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mimi hupendelea makonyo kuliko karafuu zenyewe, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, kwa kuwa harufu yake ina umti zaidi na ukali wake ni mdogo. Vipande 8 vinatosha. Mara ya kwanza nilitia kijiko kizima cha karafuu, nikachemsha robo saa, na mwenzangu aliyeonja ulimi ukamfa ganzi, maana eujenoli ndiyo inayotuliza jino linalouma. Sufuria nzima niliimwaga. Basi rudisha chai kwenye moto mdogo pamoja na makonyo, mdalasini wa urefu wa kidole, punje 10 za pilipili manga zilizopondwa, kijiko kimoja cha tangawizi iliyoparuzwa na nusu ganda la vanila lililopasuliwa. Dakika 5, bila kutokota kwa nguvu. Vanila iwe ganda lenyewe, kama yale ya mashamba ya Kizimbani, si arki ya chupa, kwa sababu arki halisi hutengenezwa kwa kileo; sheria ya Marekani inataka kisipungue asilimia 35.

Hatua ya tatu: unguza kijiko cha sukari katika sufuria kavu mpaka ipate rangi ya halua, uimimine katika chai ile yenye viungo, uchuje tena na ulaze usiku kucha katika friji.

Moshi ni kwa anayeupenda. Weka kaa la kifuu katika chetezo, juu yake kipande cha mdalasini, kisha pindua glasi juu ya moshi kwa nusu dakika. Chetezo kisiwe kile cha udi wa manukato, kwani mafuta yake hushika glasi na hayatoki. Wazee wetu walifukiza mitungi ya maji kwa ubani. Kazi ni ile ile. Mimina mililita 50 tu, na pande moja kubwa la barafu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Assalamu alaykum, mwalimu. Naweza kutia tembo lililogemwa asubuhi ile ile, badala ya sukari?

Jibu: Wa alaykum salaam. Hapana, ndugu yangu. Utomvu wa mnazi huanza kuchachuka ungali katika kibuyu juu ya mti, na utamu wake hauonyeshi kwamba hauna kileo.

Mwanachama wa Nungwi: Je, chupa zinazouzwa kama badala ya wiski zinafaa? Na mgeni anayetaka kupunguza tu?

Jibu: Soma karatasi ya chupa, kwani baadhi huwa na hadi asilimia 0.5. Nyingi ni nyepesi kama maji, kwa sababu kileo ndicho kilichobeba harufu. Kwa anayepunguza, mililita 15 za wiski katika mililita 100 za kinywaji hiki hutoa kileo cha asilimia 5 hivi, sawa na bia.

Mwanachama wa Chake Chake: Shikamoo, mwalimu. Kaka yangu hunywa kutwa, miaka mingi sasa. Nataka kesho nimpe hiki aache kabisa.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Tafadhali usifanye hivyo kesho. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, na wapo wanaofariki. Mpeleke kwanza hospitali, umweleze daktari kiasi anachokunywa bila kumsitiri, ili aachishwe chini ya uangalizi. Kinywaji hiki mpikie atakaporudi nyumbani.