Namna ya Kuzoesha Sikio, Mkono na Jicho Kutambua Mdundo

Anza na saa ya ukutani ya mishale, ile inayogonga mara moja kila sekunde, usiku nyumba inapokuwa imetulia. Keti karibu nayo, fumba macho, na usifanye lolote kwa dakika moja. Baada ya muda mfupi utagundua kwamba husikii tena mfululizo wa milio iliyo sawa, bali jozi: mlio mmoja wenye uzito na wa pili mwepesi, mmoja unaouliza na mwingine unaojibu. Mitambo ya saa haikutoa jozi hizo, kwa sababu mlio wa kwanza na wa pili hautofautiani kwa lolote la maana, na uzito unaousikia umeutia wewe mwenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Thaddeus Bolton, aliliandika jambo hili mwaka 1894 baada ya kuwasikilizisha watu milio iliyofanana kabisa na kuwakuta wakiipanga kwa makundi, wengine mawili mawili, wengine matatu au manne.

Ukishazisikia jozi, jaribu kuzivunja. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ukiutia uzito mlio wa kwanza wa kila kundi, na uendelee mpaka saa yenyewe ianze kusikika kama inakwenda kwa tatu. Kisha rudi kwenye mbili. Zoezi hili ni dogo, lakini ndilo msingi wa yote yatakayofuata, kwa kuwa linakuonyesha, bila kuhitaji mwalimu, kwamba mdundo unakamilika ndani ya msikilizaji, na kwamba anayejua hivyo anaweza kuuchagua.

Kuna mipaka. Mapigo yakikaribiana mno huungana na kuwa mvumo mmoja, na yakiachana kwa zaidi ya sekunde mbili hivi sikio hushindwa kuyaunganisha, likabaki kusikia tukio moja, halafu jingine. Wengi wetu huona raha katika mwendo wa takriban mapigo 100 kwa dakika. Mtu wa pwani anajua pia kwamba maji hujaa na kupwa kwa utaratibu, na kwamba kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana, lakini utaratibu huo anaujua kwa hesabu ya mwezi na kwa mazoea ya kazi, wala hausikii kama anavyosikia ngoma. Katika mazoezi haya, basi, tubaki na mapigo ambayo mwili unaweza kuyashika.

Zoezi la pili linahitaji mkono. Gonga meza kwa kidole pamoja na saa, bila kuhesabu. Utadhani kwamba unaufuata mlio, yaani unausikia kwanza ndipo kidole kinashuka, lakini vipimo vya maabara vimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kidole cha mtu wa kawaida hutangulia kidogo, kwa sehemu chache za mia za sekunde. Mkono hauwezi kutangulia jambo ambalo akili haikulitarajia. Hebu mwombe mwenzako akugongee mapigo sawasawa, kisha akatize ghafla bila kukuonya: pale pigo lilipokosekana utahisi mshtuko mdogo, kana kwamba kimya chenyewe kimetoa sauti. Mshtuko huo uzingatie sana, maana wacheza ngoma, waghani na wapiga udi wote huufanyia kazi.

Sisi wenye Kiswahili tuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia kuliko meza, napo ni katika ushairi wa arudhi, yaani ule unaofuata kanuni za mizani na vina. Chukua mishororo hii miwili, niliyoitunga kwa ajili ya zoezi hili tu:

Sikiliza ewe mwana, mapigo ya kinu hiki,
Michi ikipokezana, sauti haikatiki.

Isome kwa sauti huku ukihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Kumbuka kwamba kila irabu ina silabi yake, hivyo “sauti” ina mizani 3 na “haikatiki” ina 5. Utapata mizani 8 katika ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 katika utao (kipande cha pili), jumla 16 kwa kila mshororo. Mwanafunzi wa shule anaweza kufika hapo, na kwa bahati mbaya wengi huishia hapo, wakadhani kwamba mizani ni kanuni ya kuhesabia makosa. Soma tena, safari hii ukisikiliza mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kwa hiyo kila kipande kinachoishia kwa neno la silabi mbili au zaidi hubeba mkazo kwenye mizani ya 7: MWA-na, HI-ki, ZA-na, TI-ki. Mwanzoni mwa kipande mkazo unahamahama. Katika kipande cha kwanza unaangukia mizani ya 3, ya 5 na ya 7. Katika “Michi ikipokezana” unaangukia ya 1, kisha hauonekani tena mpaka ya 7. Sikio, kwa maneno mengine, linaachiwa uhuru mwanzoni na kukusanywa mwishoni, kila mara mahali palepale, na kina huja kupiga muhuri kwenye mizani ya 8. Sijui raha nyingine ya lugha yetu inayopatikana kwa vifaa vichache hivi.

Sasa haribu kwa makusudi. Badala ya “Michi ikipokezana” soma “Michi inapopokezana”. Maana haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa, sarufi ni safi, na kina kimebaki “na”, lakini mizani imekuwa 9 na utajikwaa. Jiulize ulijikwaa wapi hasa. Watu wengi hawajikwai kwenye silabi iliyozidi, bali mwishoni, pale mkazo uliotarajiwa kwenye mizani ya 7 ulipochelewa. Hilo ni pigo lililokosekana mezani, limevaa maneno. Fanya zoezi hili kwa beti unazozijua kwa moyo, ukiongeza au kupunguza silabi moja, kwa siku kadhaa, na uzisome kwa sauti kila mara, kwa sababu jicho linalosoma kimya husamehe kosa ambalo sikio halisamehe.

Ukizoea, ingia katika mdundo wenye sura mbili. Hesabu moja hadi sita mfululizo, bila kusita. Mkono wa kushoto upige goti kwenye moja na nne. Mkono wa kulia upige kwenye moja, tatu na tano. Anza polepole sana, na usione haya kuchukua siku mbili au tatu kulipata. Kinachosikika ni tatu juu ya mbili, mkao unaopatikana katika chakacha na katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Mikono ikishatulia, ongeza mguu: kwanza ukanyage pamoja na mkono wa kushoto kwa dakika moja, kisha uhamie kwa mkono wa kulia. Mikono haikubadili chochote, lakini mara mguu unapohama, ngoma nzima inageuka, na kilichokuwa kiini kinakuwa pambo. Ndiyo maana mgeni anayekaa kando ya uwanja wa ngoma mara nyingi hukosea pa kupigia makofi: anasikia sauti zote, ila mwili wake haujachagua pa kusimama.

Kwamba mwili ndio unaoliongoza sikio si dhana ya wachezaji tu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa miezi 7. Watoto walisikilizishwa mdundo usio na mkazo huku wakirushwarushwa mikononi, baadhi kwa kila pigo la pili, wengine kwa kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kusikiliza mdundo uliotiwa mkazo kulingana na alivyorushwa. Watoto waliotazama tu wengine wakirushwa hawakuonyesha tofauti hiyo. Nikisoma hayo huwakumbuka watoto wanaobebwa mgongoni kwa kanga huku mama akitwanga au akifagia, na sioni kwamba tumewapa kazi hizo heshima zinazostahili kama shule ya kwanza ya muziki.

Kuhusu urefu wa muda, zoezi moja linatosha. Mwenzako agonge pigo moja, anyamaze sekunde tano kwa kutazama saa, kisha agonge la pili. Halafu arudie, ila safari hii aujaze muda uleule kwa mapigo madogo ya haraka. Muda uliojazwa kwa kawaida huonekana mrefu zaidi.

Jicho nalo lina mdundo wake, ingawa halina ukali wa sikio katika kupima wakati, na mtu hufuata mlio kwa usahihi kuliko taa inayowaka na kuzima. Tandaza kanga sakafuni na utazame pindo lake. Fuata ua moja hadi jingine kwa kidole, kwa mwendo sawa, ukitamka neno lolote la silabi mbili kila unapofika kwenye ua. Ukishapata mwendo, inua macho kuelekea mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na utahisi kwamba mchoro wa katikati umetulia kwa sababu ukingo unatembea. Mkeka wa ukindu unafundisha zaidi, kwani umeshonwa kwa ukili (utepe wa ukindu uliosukwa) mmoja mmoja, na rangi za ukili huu zikisogea kidogo tu kando ya zile za ukili wa jirani, jicho hujikwaa palepale, kama lilivyojikwaa sikio kwenye mizani ya 9.

Mwisho tafuta kinu na watu wawili wa kutwanga, au watatu kama kinu ni kikubwa. Waache waanze wenyewe bila kuhesabiwa. Simama mbali kidogo, uwape kisogo, usikilize mpaka usiweze tena kutambua mchi upi ni wa nani, kisha mmoja wao aendelee kuinua na kushusha mchi wake bila kuugusisha kwenye nafaka. Endelea kuwapa kisogo, na utapokuwa unalisikia pigo ambalo halipo, likipigwa kwa wakati wake, anza kupiga makofi juu yake.