Faiba ikikatika, simu ishike zamu: kuandaa intaneti ya akiba nyumbani

Nyumba nyingi ninazozihudumia hapa Dar es Salaam zina faiba moja na simu nne au tano. Faiba ikikatika, kila mtu anakimbilia hotspoti ya baba au ya mama. Kabla jua halijafika utosini bando limeisha, simu iliyokuwa inarusha mtandao imezima chaji, na ile kazi iliyotakiwa kutumwa asubuhi bado iko kwenye kompyuta. Simu yenyewe haina kosa. Simu ya kawaida ya 4G inaweza kubeba kazi muhimu za nyumba siku nzima ikiwa imeandaliwa. Tatizo ni kwamba watu huanza kuandaa mtandao ukiwa umeshakatika na mkutano umeshaanza.

Kwa hiyo hatua hizi zifanye siku ambayo faiba iko vizuri na umeme upo. Jumamosi moja inatosha.

Hatua ya 1: Jua kwako huwa kinakatika nini

Nenda kwenye kile kisanduku ambacho waya mwembamba wa faiba unaingilia, usome taa zake. Zote zikiwa zimezima, tatizo ni umeme. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga kutoka kwenye kampuni haufiki kwako: waya umekatika mahali fulani, mara nyingi kwa sababu ya wachimba mitaro au lori refu lililokwangua nyaya za kwenye nguzo. Taa ya PON, ile inayoonyesha kisanduku kimeungana na kampuni, ikiwa imetulia kijani na bado hupati kitu, kwa kawaida waya wako ni mzima, na hitilafu iko mbele zaidi.

LOS ikiwaka, angalia kwanza kama kabati au kochi limeubana waya, maana faiba ikikunjwa kwa kona kali hupoteza mwanga. Usiuchomoe ukauchungulia, mwanga wa leza unaopita humo hauonekani lakini unaweza kudhuru macho. Kisha ipigie simu kampuni na uwaambie ni taa gani inawaka. Ukisema "LOS ni nyekundu" unamwokolea anayekupokea nusu ya maswali yake, kwa sababu anajua tayari kwamba pengine fundi atahitajika kufika.

Kama kinachokatika zaidi kwako ni umeme, bando lisubiri. Nunua kwanza UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ile inayotoa volti 12 na wakati mwingine 9 na 5. Soma kibandiko cha chaja ya ruta na cha kisanduku cha faiba ujue volti zake, kisha piga hesabu. UPS iliyoandikwa 8,800 mAh kwa volti 3.7 ina takriban wati-saa 32. Ruta na kisanduku vikila wati 12 kwa pamoja, kwenye karatasi unapata zaidi ya saa mbili na nusu. Kwa kuwa kuna nguvu inayopotea njiani, hesabu saa mbili. Katizo nyingi za umeme zinapita ndani ya muda huo bila wewe kugusa simu. Na kumbuka kwamba mnara wa simu nao unategemea betri au jenereta umeme ukikatika. Giza likikaa sana mtaani, data za simu nazo zinaweza kudhoofika.

Hatua ya 2: Chagua laini inayopita njia nyingine

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na ndiyo sehemu ninayoisisitiza kwa kila mteja. Kama faiba yako ni ya kampuni fulani ya simu, laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine. Faiba ya nyumbani na minara ya kampuni moja mara nyingi hutegemea mitambo na mkongo mmoja, yaani waya mkuu unaobeba intaneti ya kampuni. Mkongo huo ukipata hitilafu, vyote viwili vinalala pamoja, na wewe unabaki na bando lililojaa usiloweza kulitumia.

Hata kampuni mbili tofauti zinaweza kukutana mbele ya safari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Mikongo hiyo yote miwili inatua Dar es Salaam, na Tanzania tuliumia sana: waliokuwa na faiba na waliokuwa na data za simu walilalamika siku hiyo hiyo. Kampuni zilizokuwa na njia nyingine ya kutoka nje zilirudi mapema kuliko zilizoegemea huko tu. Kwa nyumba ya kawaida huwezi kuichagulia kampuni mkongo wake, lakini unaweza kuhakikisha hutegemei kampuni moja kwa kila kitu.

Usichague laini kwa sifa za jirani. Azima laini za watu wa nyumbani, kaa pale pale unapofanyia kazi, upime kasi asubuhi na upime tena saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi makwao. Tazama kasi ya kupakia pia, maana mkutano wa video unakwama huko zaidi kuliko kwenye kupakua. Ukipata megabiti 2 kwa sekunde kwenda na kurudi bila kuyumba, mazungumzo ya video ya watu wawili yanakwenda vizuri. Laini inayotoa 8 bila kuyumba ni bora kuliko inayoruka hadi 40 kisha ikashuka karibu na sifuri.

Kwenye Android unaweza kuona nguvu ya mawimbi ukiingia Mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini. Namba inaandikwa kwa dBm na ni hasi, kwa hiyo -85 ni nzuri kuliko -105. Ikifika -110 na kuendelea unabahatisha. Ukisajili laini mpya, piga *106# baadaye uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mara nyingi utagundua unayo laini ya zamani inayofaa kabisa kuwa ya akiba.

Hatua ya 3: Itafutie simu mahali

Zunguka na simu chumba hadi chumba ukiangalia ile namba ya dBm. Karibu na dirisha kwa kawaida ni pazuri. Karibu na friji, kabati la chuma au ukuta mnene wa zege ni pabaya. Isikae juani, maana simu ikipata joto hupunguza kasi na mwishowe hujizima. Iweke kwenye stuli, na chaja yake iwepo hapo hapo siku zote.

Hatua ya 4: Tengeneza hotspoti, na uipe jina tofauti

Mafundi wengine watakushauri uipe hotspoti jina na nenosiri lile lile la waifai ya nyumbani, ili vifaa vihame vyenyewe. Mimi sikubaliani nao. Kifaa hakiwezi kutofautisha mitandao miwili yenye jina moja, kwa hiyo televisheni itahama na kuendelea na tamthilia kana kwamba faiba bado ipo. Jina tofauti, kwa mfano "Akiba", linakupa uamuzi wa nani aingie. Tena mipangilio mingi ya kubana matumizi inakaa kwenye jina la mtandao: ukiipanga leo, kifaa kitaikumbuka kila kikikutana na "Akiba".

Weka nenosiri refu na ulinzi wa WPA2 au WPA3. Chagua masafa ya GHz 2.4 kama kuna kuta kati ya simu na kompyuta, au GHz 5 kama viko chumba kimoja. Kwenye iPhone washa "Maximize Compatibility" ukitaka masafa ya 2.4. Kwenye Android zima kile kipengele kinachozima hotspoti kikiona hakuna kifaa kilichounganishwa, la sivyo utakuta imejizima katikati ya mapumziko yako. Halafu unganisha kompyuta zinazohitajika mara moja, zishike nenosiri.

Hatua ya 5: Ziba mianya ya data

Mteja wangu mmoja wa Mbezi, mama anayefanya uhasibu akiwa nyumbani, alinipigia akaniambia, "Fundi, giga kumi zimeisha kabla ya chakula cha mchana, na mimi nimetuma barua pepe tu!" Nikamwambia, "Mama, tuangalie nani mwingine alikuwa kwenye hotspoti." Tulipofungua matumizi, barua pepe zake hazikufika hata megabaiti 100. Kompyuta ilikuwa inashusha masasisho ya Windows, na simu ya mwanawe ilikuwa inapandisha picha na video za likizo nzima.

Hakuna aliyefanya kosa hapo. Programu nyingi zimepangwa zifanye kazi nzito "kwenye waifai pekee", na hotspoti kwa kifaa kinachounganishwa nayo ni waifai. Kwa hiyo chukua kila kifaa kitakachoruhusiwa, kiunganishe na "Akiba", kisha ufanye hivi:

Kwenye Windows fungua sifa za mtandao huo wa waifai na uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri, na OneDrive itasimamisha usawazishaji. Kwenye Mac na iPhone washa "Low Data Mode" kwa mtandao huo. Kwenye simu ya Android inayopokea, gusa jina la mtandao na uchague uhesabiwe kuwa wa kulipia data. Kisha kwenye WhatsApp zima upakuaji wa video wenyewe hata kwa waifai, na kwenye Picha za Google simamisha uhifadhi mpaka faiba irudi. Televisheni usiipe nenosiri kabisa.

Ujue pia nini kinakula na nini hakili. Netflix kwa ubora wa HD inaweza kufika giga 3 kwa saa. Mkutano wa Zoom wa watu wawili wenye video unaweza kuanzia karibu nusu giga na kupita giga moja na nusu kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Ukizima kamera yako na ya mwenzako, matumizi yanashuka mno. Barua pepe, ujumbe na simu ya sauti ya WhatsApp ni vitu vidogo. Kwa mtu anayefanya kazi za ofisi na mkutano mmoja wa saa moja, giga 3 kwa siku zinatosha kama mianya imezibwa. Kwa mwanafunzi anayefuatilia somo la video, punguza ubora hadi 360p. Maandishi ya ubaoni mara nyingi bado yatasomeka, na bando litafika jioni.

Hatua ya 6: Anayefanya kazi atumie waya

Kama kompyuta ni moja, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kipengele cha kusambaza mtandao kwa USB. Waya hauingiliwi na waifai za majirani, simu inachajiwa hapo hapo, na hakuna mwingine anayeingia. Kwa iPhone na Windows utahitaji kwanza programu ya Apple kwenye kompyuta, kwa hiyo isakinishe leo faiba ikiwepo. Simu nyingi za Android hazielewani na Mac kwa waya. Hapo rudi kwenye hotspoti.

Hatua ya 7: Kwa anayetaka mtandao uhame wenyewe

Hii ni kwa nyumba yenye kazi isiyoweza kusubiri, au kamera za ulinzi. Unahitaji ruta inayopokea njia mbili: ama ina tundu la laini, ama ina tundu la USB linalokubali modemu au simu. MikroTik zenye USB, GL.iNet na baadhi ya TP-Link zinaweza. Faiba inawekwa njia ya kwanza, laini njia ya pili.

Kuna jambo moja la kumsimamia fundi wako. Ruta isipime kama kisanduku cha faiba kinajibu, kwa sababu kisanduku kipo ukutani kwako na kitajibu hata waya wa mtaani ukiwa umekatwa vipande viwili. Ipime anwani ya mbali, kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8, na upimaji huo upite kwenye faiba peke yake. Mpango wa kuhama unaopima kisanduku tu utakuacha bila mtandao taa zote za ruta zikiwa kijani.

Kamera unazoziangalia ukiwa mbali kwa kufunguliwa mlango kwenye ruta hazitafikika kwenye laini, maana kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Zile zinazopitia huduma ya mtengenezaji zitaendelea, lakini zipunguzie ubora wa picha.

Hatua ya 8: Fanya jaribio

Zima umeme wa kisanduku cha faiba, usiguse waya wenyewe. Washa "Akiba", fanya kazi zako za kawaida kwa saa moja pamoja na simu moja ya video, kisha soma matumizi kwenye simu. Kiasi hicho ukizidishe kwa saa zako za kazi, na hapo ndipo ununue bando. Chagua la wiki au la mwezi badala ya la saa 24, kwa kuwa hujui katizo litakuja lini, na angalia lisiwe na giga nyingi za usiku tu. Laini iitumie kidogo kila mwezi, kwani laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa.

Faiba ikirudi, usikimbilie kuzima hotspoti. Baada ya matengenezo waya mara nyingi huwaka na kuzima mara mbili tatu mafundi wakiwa bado kwenye nguzo. Taa ya PON ikitulia kama dakika kumi, zima hotspoti kwa mkono, maana kompyuta nyingi hubaki kwenye "Akiba" maadamu inaonekana, kisha washa tena uhifadhi wa picha na masasisho uliyoyasimamisha.