Huku hakuna geti: kupanda milima ya bonde la Zermatt

Mtu wa Moshi akitajiwa kilele cha mita 3,414 anacheka kidogo. Horombo, pale unapolala usiku wa pili ukipanda kwa njia ya Marangu, ni mita 3,720. Nami nilicheka. Mara ya kwanza nilifika Zermatt, Uswisi, mwishoni mwa Juni na viatu vya mazoezi, nikiwa na uhakika kwamba kilele hicho, Oberrothorn, ni matembezi ya baada ya chai. Nilirudi usiku, magoti yamekwisha, na kileleni sikufika.

Kosa langu lilikuwa kupima kwa mita. Zermatt iko nyuzi 46 kaskazini ya ikweta. Miti inaishia karibu mita 2,300, theluji ya masika inaweza kulala njiani hadi Julai, na barafu ambayo kwetu unaipandia hadi Kibo, huku inateremka karibu na malisho ya kondoo. Halafu kuna jambo lililonishtua zaidi: hakuna geti. Kilimanjaro huingii bila kulipia hifadhi, kuandikwa jina, kupewa mwongozaji na wagumu wa kukubebea. Hapa unashuka kwenye treni, unakunja kona, umeshaingia mlimani. Hakuna atakayekuuliza una koti au huna. Kazi ya askari wa getini unaifanya mwenyewe, usiku wa kabla ya safari, mezani.

Tuanze na kufika. Unapanda treni hadi Visp, unabadilisha, na baada ya saa moja na kidogo uko Zermatt, mita 1,600 hivi. Mwenye gari analiacha Täsch, maana mjini magari ya petroli hayaruhusiwi; unamalizia kwa treni ya dakika 12. Wanaoishi Ujerumani, Ufaransa, Italia na nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zenye viza moja) wanaingia Uswisi kwa kibali chao cha ukaazi, ila pasipoti iwe hai na iwe mfukoni. Wa Uingereza, Oman au Dubai wenye pasipoti zetu wanahitaji viza ya Schengen, na miadi ya kiangazi hujaa mapema, kwa hiyo anza kuhangaika mwezi wa tatu. Ukipanga kukaa siku kadhaa nunua kadi ya nusu bei, Halbtax. Inapunguza nauli za treni na za magari mengi ya kebo, na kwa bei za Uswisi utaishukuru.

Msimu wa vilele vya zaidi ya mita 3,000 kwa mtembeaji wa kawaida ni katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Kabla ya hapo uliza hali ya njia kwenye ofisi ya wageni.

Sasa vibao. Njia nyingi zimewekwa vibao vya manjano, na rangi iliyopakwa juu ya mawe ndiyo inayokwambia unakokwenda. Manjano tupu ni ya kila mtu, hata bibi na mjukuu. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlima: mguu uwe imara, na usiwe mtu wa kizunguzungu. Nyeupe-bluu-nyeupe ni njia ya wazoefu, ina mahali pa kupanda kwa mikono na pengine barafu. Ukiiona bluu na hukuitarajia, umepotea, rudi. Muda ulioandikwa kwenye kibao umekokotolewa kwa mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, bila dakika hata moja ya kupumzika. Mimi kibao kikisema saa 3 nahesabu 4, na nikiwa na wageni kutoka nyumbani wanaopiga picha kila kona, 5.

Kilele cha kuanzia ni hicho hicho Oberrothorn. Unapanda treni ya ndani ya mwamba hadi Sunnegga, kisha kebo hadi Blauherd, mita 2,571. Kutoka hapo ni njia ya nyeupe-nyekundu-nyeupe mwanzo mwisho, mita 840 za kupanda, kwanza hadi Furggji pale mlima unapolegea kati ya vilele viwili, halafu zigizaga za kokoto. Hakuna barafu ya kuvuka wala haja ya kujifunga kamba. Ukifika juu Matterhorn, mlima unaoipa Zermatt jina, iko mbele yako, na nyuma yake safu ya milima ya mita elfu nne ambayo huwezi kuimaliza kuitaja. Kuna kebo nyingine inayokwenda hadi Rothorn, mita 3,103, na wengi huipanda wakidhani wameokoa nguvu. Kutoka pale unateremka kwanza mpaka Furggji ndipo upande tena, na wakati wa kurudi kile kipande cha kupanda kinakungoja.

Siku yangu ile ya Juni niligeuka juu kidogo ya Furggji. Njia ilikatizwa na kitambaa cha theluji kigumu kama sabuni, upana wa mita kumi tu, chini yake mteremko unaoishia usikokuona. Nikaweka mguu, ukateleza. Nikabaki nimesimama nikibishana na nafsi kwa nusu saa nzima, nusu saa ambayo niliilipia baadaye: nilipofika Blauherd kebo ya mwisho ilikuwa imeondoka. Mita 970 za kuteremka kwa miguu, na nusu ya mwisho gizani kwa tochi ya simu. Tangu siku ile saa ya kebo ya mwisho naiandika kwa kalamu kwenye mkono, maana simu hufa kwa baridi.

Pili ni kibanda cha Hörnli, mita 3,260, mguuni pa Matterhorn yenyewe. Unapanda kebo hadi Schwarzsee, kisha saa 2 hadi 2 na nusu. Kuna ngazi na madaraja ya chuma yaliyopigwa ubavuni mwa mwamba, na kamba za kushikilia. Ni siku nzuri sana. Kunywa supu, piga picha, geuka. Juu ya kibanda hakuna njia ya kutembea. Ni mita 1,200 za mwamba, na mwongozaji huchukua mteja mmoja tu. Utawaona wanashuka, utasema mbona huyu ni mzee kuliko mimi. Mwache mzee na miaka yake arobaini ya mazoezi.

Mettelhorn, mita 3,406, ni ya mwenye mapafu. Unaanzia mjini kwa miguu kupitia bonde la Trift, mita 1,800 za kupanda bila kebo yoyote, na karibu na juu kuna kipande cha barafu cha kuvuka. Ukitaka kujua kama mwili wako bado ni wa nyumbani, pale utajua.

Na Breithorn, mita 4,164. Hii ndiyo inayowavuta wenzetu, kwa sababu kebo inakufikisha Klein Matterhorn, mita 3,883, na kilele kinaonekana hapo hapo. Usiende peke yako. Ule uwanda mweupe unaouona ni mto wa barafu, na chini ya theluji yake kuna nyufa zinazommeza mtu mzima. Ukungu ukishuka huoni hata viatu vyako. Chukua mwongozaji mwenye leseni. Viatu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu utavikodi mjini. Wangu aliponifunga kamba alivuta fundo mara tatu, akaniangalia usoni, akanifanya nilivute mimi mwenyewe. Kisha akatembea polepole kiasi kwamba nilidhani ananidharau. Polepole ile ile ya Kilimanjaro. Na usijidanganye kwamba umezaliwa Machame: ukiishi Bremen, Ujerumani, miaka minane damu yako ni ya Bremen. Kutoka mita 1,600 hadi 3,883 chini ya saa moja kichwa kitauma. Lala usiku mmoja au miwili juu kidogo kwanza, kunywa maji, na kichwa kikizidi au ukianza kutapika, shuka.

Waongozaji wanaanza alfajiri, na sababu si mawio. Theluji iliyoganda usiku inabeba mguu. Ikifika mchana inalainika, madaraja ya theluji juu ya nyufa yanalegea, mawe yaliyoshikwa na barafu yanaachiliwa. Radi nazo kiangazi hupenda alasiri. Saa sita mchana uwe umeshageuka.

Mzigo unabeba mwenyewe, kwa hiyo uwe mdogo. Tabaka za sufu au nailoni, si jinzi wala fulana ya pamba. Koti la mvua, glavu, kofia hata Agosti. Miwani ya jua ya kweli: ngozi nyeusi haikingi macho, na theluji inarudisha jua lote usoni. Mimi midomo ilipasuka kama udongo wa Dodoma. Chakula changu ni chapati mbili za kukunja na karanga, sijaona kitu cha duka kilichozishinda.

Ukilala kibanda cha mlimani, weka nafasi mapema. Beba shuka lako la kulalia lililoshonwa kama mfuko, ni lazima. Viatu vinavuliwa mlangoni, unapewa ndara. Chakula cha jioni ni saa moja kasoro, wote meza moja, na maji ya bombani mara nyingi si ya kunywa, unanunua. Mwanachama wa chama cha wapanda milima cha Ujerumani au Austria hulipa nusu ya bei ya kulala au zaidi kidogo tu, na uanachama unakuja na bima ya uokoaji. Hilo la bima lisipite hivi hivi, maana helikopta inalipiwa. Aliyeajiriwa Uswisi saa 8 au zaidi kwa wiki ana bima ya ajali nje ya kazi. Wengine, ulizeni kabla ya kupanda.

Namba ya dharura huku Valais, jimbo la Zermatt, ni 144, na 112 inafanya kazi pia. Mtandao usiposhika: ishara sita kwa dakika moja, filimbi au tochi, nyamaza dakika moja, rudia. Helikopta ikikuona inua mikono yote miwili kama herufi Y, maana yake ndiyo, nisaidie.

Njiani watu wanasalimiana, jambo ambalo mjini Ujerumani nililisahau. Juu kabisa hata ule unyenyekevu wa "Sie", "wewe" ya heshima ya Kijerumani, unaachwa, kila mtu ni "du", "wewe" ya kirafiki, kama vile shikamoo imebaki bondeni. Mara nyingi utakuwa mweusi peke yako. Utaulizwa umetoka wapi, na ukisema Tanzania, mzee wa watu atatoa simu akuonyeshe picha yake pale kwenye kibao cha Uhuru. Mvumilie. Unaweza kumjibu kwamba Batian ya Mlima Kenya ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1899 na Mwingereza Mackinder akiwa na waongozaji wawili wa Courmayeur, Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, upande wa pili wa milima hii hii.

Siku ikinyesha usiilazimishe. Nenda jumba la makumbusho karibu na kanisa. Wametunza kamba iliyokatika tarehe 14 Julai 1865, Mwingereza Whymper na wenzake sita walipokuwa wakishuka kutoka kilele cha Matterhorn kilichokuwa hakijawahi kufikiwa. Wanne walianguka. Nilitegemea kamba nene. Ni nyembamba, kama ya kufungia mbuzi.