Kabla ya nondo, andika dagaa

Mimi naandika hadithi fupi hapa Kirumba, Mwanza, na mhusika wangu hapigwi kabla sijampa shughuli zake zote. Mama lishe yuko soko la samaki la Mwaloni, anabishana bei ya ndoo ya dagaa, anatafuna mmoja kupima kama ana mchanga, anafungua pindo la khanga kutafuta chenji. Msomaji akishaanza kuijali hiyo chenji, ndipo mtu atokee na nondo.

Pigo lenyewe ni sentensi mbili tatu, basi. Usitangulize mawingu meusi wala mbwa wanaobweka. Vurugu za namna hii hazipigi hodi. Na tafadhali usimpe mshambuliaji historia ndefu. Mama hamjui, na asimjue. Ukieleza sana sababu zake, umeandika kisasi, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Kaa muda mrefu kwenye yanayofuata. Nani anaokota dagaa? Bodaboda anauliza nani atalipa nauli mpaka hospitali ya Sekou Toure. Watoto wameshabandika maji ya ugali. Mwezi mzima mama anazungukia Kitangiri kukwepa lango la soko alikopigwa: hapo andika kurasa, usibane.