Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupiga Picha ya Mtu Ili Isitoke na Ukungu

Picha ya mtu huhukumiwa kwa macho. Mtazamaji huvumilia sikio lililofifia au bega lililomezwa na mandhari ya nyuma, lakini kope zisipoonekana bayana, hakuna pozi wala rangi itakayoiokoa picha hiyo. Programu za kuhariri huweza kunoa kingo kwa kiasi fulani. Haziwezi kurudisha kwa uaminifu kile ambacho kamera haikukinasa. Ndiyo maana nashikilia kwamba fokasi nzuri, yaani ulengaji wa lenzi unaofanya kitu kionekane bayana, huandaliwa kabla mhusika hajasimama mbele ya lenzi.

Lenzi ifutwe jioni ya siku iliyotangulia kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kwa sababu alama ya kidole tu hupunguza utofauti wa mwanga na giza ambao kamera huutegemea kulenga. Pembeni mwa kitundu cha kuchungulia huwa kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Kizungushwe mpaka tarakimu zilizo ndani zisomeke vizuri, hasa kwa mpigapicha anayevaa miwani, la sivyo atadhani picha ina ukungu ilhali ni jicho lake halijasawazishwa.

Kwa sisi wa pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, kuna adui mwingine. Kamera iliyokaa katika chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje, mvuke huganda juu ya kioo chake. Niliwahi kupoteza dakika za kwanza za bi harusi akitoka hotelini kwa sababu hiyo, na dakika hizo hazikurudi. Tangu hapo huiacha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa muda wa nusu saa hivi, ipate joto taratibu, kabla sijaitoa.

Uamuzi unaostahili kufikiriwa zaidi ni wa tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, ambao hupimwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu huwa pana. Wengi hununua lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 na kuiacha wazi kabisa kila wakati, kwa kupenda mandhari ya nyuma yanavyoyeyuka. Hesabu yake ni hii: kwenye kamera yenye kihisi (kipokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, mhusika akiwa umbali wa mita moja na nusu, eneo linaloonekana bayana kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 3 na kidogo tu. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni sentimita 6 hivi, kwa hiyo akigeuza uso nusu upande jicho la pili hurudi nyuma takriban sentimita 4, na tayari limeshatoka nje ya eneo hilo. Kwa f/4 eneo hilo hufikia sentimita 7 hivi, na macho yote mawili husalimika. Ninapendekeza kuamua mapema: kama uso utageuzwa, au kama watu ni wawili, tundu lipunguzwe, na wawili hao wapangwe wawe umbali sawa kutoka kwa kamera.

Kamera isiachiwe ichague yenyewe mahali pa kulenga, kwa kuwa mara nyingi hushika kilicho karibu zaidi, yaani pua, shada la maua au ukingo wa shela. Kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi mwanga (mirrorless) hutambua jicho. Uwezo huo uwashwe na kujaribiwa mapema, hasa kwa mtu aliyevaa miwani, ambapo fokasi hupenda kunasa fremu. Isipokuwapo, chagua nukta moja na uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe. Kulenga kwa nukta ya katikati kisha kugeuza kamera ili kupanga picha ni mazoea yanayogharimu pale tundu linapokuwa wazi sana, kwani mgeuko huo mdogo huhamisha ubapa wa fokasi, yaani eneo lililo bayana, nyuma ya jicho. Mtu aliyetulia alengwe kwa fokasi ya mara moja. Mtoto au mtu anayetembea anahitaji fokasi endelevu, inayomfuata.

Ukungu mwingine hutokana na mtikisiko. Kwa lenzi ya milimita 85, kasi ya shata, yaani muda ambao mlango wa mwanga hubaki wazi, isishuke chini ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde, nami hupendelea 1 kwa 200 au zaidi, kwa sababu kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mikono ya mpigapicha tu, hakimzuii mhusika kuyumba. Mwanga ukipungua, heri kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200 na kupata chengachenga kuliko kupata sura iliyofifia.

Betri na kadi ni mambo ya kawaida, yakaguliwe yaishe. La mwisho, na ambalo sikubali kuliruka, ni kufika mapema na kumwomba mtu yeyote asimame mahali atakaposimama mhusika, apigwe picha tatu au nne, kisha kila moja ikuzwe kwenye kioo cha kutazamia picha nyuma ya kamera hadi jicho moja lijaze nafasi yote, maana katika udogo wake kioo hicho huonyesha karibu kila picha kuwa nzuri. Kope zikihesabika, mhusika aitwe.