Printa ya Mtandao Inapogoma: Anza na Anwani, Draiva Baadaye

Printa ya ofisini inapogoma, wengi wetu hukimbilia kuondoa draiva na kuiweka upya, na ikikataa tena tunaiondoa na kuiweka kwa mara nyingine, mpaka orodha ya kompyuta inajaa printa ileile iliyoandikwa mara nne, ya mwisho ikiburuta maneno “Copy 3” mkiani. Ndivyo nilivyoikuta kompyuta ya mhasibu wa shule moja, juma la mitihani, walimu wakiwa wamesimama mlangoni na flashi mikononi. Draiva ilikuwa nzima tangu mwanzo. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na uliporudi ruta, kifaa kinachoendesha mtandao wa ofisi, iligawa upya anwani, yaani namba ya kila kifaa mtandaoni; printa ikapewa namba nyingine, lakini kompyuta ikaendelea kupeleka kazi kwenye namba ya zamani, ambayo asubuhi ile ilikuwa imeshikwa na simu ya mtu.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa kompyuta za Windows 10 na 11, unaanza na njia kabla ya kufika kwenye draiva. Kazi ya draiva ni kutafsiri: huuchukua ukurasa ulioandika na kuugeuza kuwa lugha ambayo printa yako inaielewa, kama vile PCL au PostScript. Kuufikisha ukurasa huo kwenye printa ni kazi ya poti, yaani ile sehemu ya mipangilio inayohifadhi anwani ambako kazi itapelekwa. Viwili hivi huwekwa kwa pamoja siku ya kusakinisha, na ndiyo maana huchanganywa, ingawa kila kimoja huharibika kwa namna yake.

Hatua ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta. Nenda kwenye printa, uiamuru ichape karatasi ya mipangilio yake yenyewe. Printa zenye skrini huwa na menyu ya mtandao au ya ripoti, na zisizo na skrini kwa kawaida huhitaji kitufe fulani kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa, kama kitabu chake kinavyoeleza. Karatasi hiyo ikitoka safi, umekwisha kujua kwamba tona, roli na njia ya karatasi havina hatia. Sasa tafuta mstari wa anwani ya IPv4, yaani mafungu manne ya namba yanayotenganishwa kwa nukta. Ukikuta namba inayoanza na 169.254, printa haikupewa anwani na ruta bali imejipa yenyewe, na ukikuta sufuri tupu, haijaunganishwa kabisa. Katika hali zote mbili angalia kebo, au uiingize upya nywila ya Wi-Fi, kabla ya kugusa kitu kingine. Kumbuka pia kwamba printa nyingi za Wi-Fi hupokea mawimbi ya GHz 2.4 peke yake, kwa hiyo mtandao wa GHz 5 hazitauona hata ukiwa juu ya meza hiyohiyo.

Rudi kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta. Katika mitandao mingi ya nyumbani na ya ofisi ndogo mafungu matatu ya mwanzo ya anwani ya kompyuta yanapaswa kulingana na yale ya printa, tuseme 192.168.1. Yakitofautiana, huenda kompyuta imejiunga na mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutenga kwa makusudi ili wageni wasivifikie vifaa vya ndani. Yakilingana, andika ping, amri inayouliza kama kuna kifaa kinachojibu, ikifuatiwa na anwani ya printa. Jibu likija, bado usishangilie. Pale shuleni anwani ya zamani ilikuwa ikijibu vizuri kabisa, kwa kuwa simu nayo hujibu. Uhakika utaupata kwenye kivinjari: andika anwani hiyo mahali unapoandikia anwani za tovuti, na printa nyingi za mtandao zitakufungulia ukurasa wake wenye jina la modeli na kiasi cha tona kilichobaki. Ukurasa huo ukifunguka, njia ipo.

Baada ya hapo kagua poti. Fungua mipangilio ya Windows, ingia kwenye “Printers & scanners”, ichague printa yako, bonyeza “Printer properties”, kisha kichupo cha “Ports”, ambamo mstari wenye tiki ndio unaotumika. Anwani iliyomo ikiwa ya zamani, bonyeza “Configure Port” uisahihishe. Ukikuta mstari unaoanza na herufi WSD, kompyuta iliigundua printa yenyewe na kujiundia poti, jambo linalorahisisha usakinishaji lakini ambalo kwa uzoefu wangu ndilo chanzo kikubwa cha printa kuonyeshwa kuwa haipo mtandaoni ilhali inawaka mbele yako. Mimi huachana na poti hizo bila kusita: bonyeza “Add Port”, chagua “Standard TCP/IP Port”, andika anwani, na uiache ilivyo namba ya poti (hapa ni mlango ambao printa hupokelea kazi), ambayo kwa kawaida ni 9100. Kama hata baada ya hapo printa inaonyeshwa kuwa haipo, rudi kwenye “Configure Port” uondoe tiki ya “SNMP Status Enabled”; kompyuta huuliza hali ya printa kwa njia hiyo, na isipojibiwa huhukumu kwamba printa imezimwa.

Marekebisho hayo yatadumu mpaka umeme utakapokatika tena, isipokuwa anwani yenyewe ifungwe. Ingia kwenye ruta, tafuta mahali pa kuhifadhi anwani katika mipangilio ya DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, uioanishe anwani ya printa na namba yake ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ambayo imo kwenye ile karatasi uliyoichapa. Wapo wanaoiandika anwani moja kwa moja kwenye printa, na si kosa, ilimradi wachague namba iliyo nje ya fungu ambalo ruta hugawa. Wakichagua iliyo ndani, siku moja ruta itampa mwingine namba hiyohiyo, na mtakuwa na printa inayochapa saa nne na kugoma saa tano bila sababu inayoonekana.

Kazi zilizokwama kwenye foleni ni jambo dogo, lakini zinaweza kukupotosha wakati kila kitu kingine kimekwisha kutengemaa. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika net stop spooler ili kuisimamisha spooler, huduma ya Windows inayosimamia foleni, ufute mafaili yaliyomo ndani ya folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS huku folda yenyewe ukiiacha, halafu andika net start spooler.

Sasa draiva. Dalili yake ya wazi ni printa kutema karatasi baada ya karatasi zenye herufi zisizosomeka, mara nyingine juu kabisa pakiwa na maandishi kama %-12345X au @PJL. Hapo kazi imefika salama ila kwa lugha ambayo printa haiijui, kwa mfano PostScript kwenye mashine inayoelewa PCL tu. Izime haraka, la sivyo rimu nzima itakwenda.

Kuifuta printa kwenye mipangilio hakuifuti draiva. Draiva hubaki imehifadhiwa ndani ya Windows, na ukisakinisha upya inachukuliwa ileile mbovu. Hili ndilo linalowafanya watu waape kwamba wamejaribu mara kumi. Kwanza futa nakala zote za printa hiyo kwenye orodha. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika printui /s /t2, na dirisha la draiva zote litafunguka. Chagua inayohusika, bonyeza “Remove”, na unapoulizwa chagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ikikataa kwa madai kwamba inatumika, zima na uwashe huduma ya spooler kwa zile amri mbili za juu, halafu ijaribu tena papo hapo kabla Windows haijaishika upya.

Draiva mpya ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa, kwa jina kamili la modeli, na uhakikishe inalingana na kompyuta yako, hasa kama kompyuta hiyo ina prosesa ya ARM, ambayo haipokei draiva zilizoundwa kwa ajili ya Intel na AMD. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache huko huko. Modeli ikiwa ya zamani, angalia kama mtengenezaji ana draiva ya jumla. HP, kwa mfano, ina Universal Print Driver, inayopatikana kwa PCL 6 na kwa PostScript. Unaposakinisha, chagua kuongeza printa kwa anwani ya IP badala ya kusubiri kompyuta iigundue.

Kama printa imeunganishwa kwenye kompyuta ya mwenzako nawe unaipata kupitia kwake, kuna kisa cha ziada. Mwaka 2021 iligunduliwa hitilafu ya usalama iliyopewa jina la PrintNightmare, na tangu Agosti mwaka huo Windows hudai haki za msimamizi kabla ya kupokea draiva kutoka kwenye kompyuta nyingine. Masasisho ya Septemba yakaleta kosa 0x0000011b, ambalo hutokea kompyuta mbili zinapotofautiana kuhusu kiwango cha ulinzi wa mawasiliano yao. Mtu atakushauri uuzime ulinzi huo kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Usimsikilize. Zisasishe kompyuta zote mbili, au, kama printa yenyewe ina uwezo wa mtandao, achana na kushirikishana na uiunganishe kila kompyuta moja kwa moja kwa anwani ya IP.

Ikiwa kazi inafika, foleni ni safi, na bado printa inawasha taa ya kuomba karatasi ilhali trei imejaa, tazama ukubwa wa karatasi. Kompyuta nyingi huja zikiwa na mipangilio ya Marekani, na draiva huchagua Letter, yenye milimita 216 kwa 279, wakati rimu tunazonunua madukani ni A4, milimita 210 kwa 297. Kubadilisha kwenye “Printing preferences” humsaidia aliyeingia kwenye kompyuta wakati huo peke yake. Ili wote wapate A4, pitia “Printer properties”, kichupo cha “Advanced”, halafu “Printing Defaults”. Chapa ukurasa wa majaribio ulio kwenye kichupo cha “General”. Huo ukitoka na waraka wako ukakataa, basi ni waraka wenyewe ulioandaliwa kwa Letter, na ubadilishwe ndani ya Word, kwenye “Layout”, chini ya “Size”.